Upanga wa Babu Kutoka Bama

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimeamka na hasira. Nimekunywa chai na hasira.

Jana baada ya ibada, kamati ya Siku ya Mashujaa ilikaa katika ukumbi wa kanisa, hapa Saint Paul. Mwenyekiti ni Kamau. Kamau ni mwenyekiti wa kila kitu chenye viti. Akatangaza kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na nane kutakuwa na Meza ya Mashujaa. Kila familia ilete kitu kimoja cha shujaa wao na kukieleza mbele ya watu. Katikati ya meza kutakuwa na sanduku la kioo, na ndani ya sanduku hilo, nani angebashiri, fimbo ya babu yake Kamau aliyekuwa chifu.

Nikainuka. Nikasema mimi nitaleta upanga wa Kijapani, wa kale sana, alioutwaa Bama, yaani Burma, katika Vita vya Pili, babu yangu mzaa mama, Mzee Ombasa, askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Ukumbi ukanyamaza. Raha iliyoje! Ilidumu sekunde nne. Kamau akaniuliza kwa ule upole wake wa kuua: “Na hiyo kitu iko na papers, Bwana Zadock?” Marekani hii, akasema, hata mbwa ana karatasi. Kisha akaongeza kwamba alivyosikia yeye, wengi waliokwenda Bama walikuwa wapishi. Watu wakacheka. Susan, mke wangu wa ndoa, alicheka pia. Anadai alikuwa anakohoa.

Mama atatazama sherehe kwa simu kutoka Kisii. Ana miaka sabini na saba, na ndiye binti wa pekee wa Babu. Siwezi kukubali jina la baba yake lichekwe huku akisikia.

Upanga ule ulining'inia juu ya mlango wa jikoni kwa Babu. Likizo ya Agosti tulipanga foleni wajukuu kumi na mmoja, naye akatukatia miwa kwa upanga huo, pingili moja kila mtoto, huku akisimulia lile daraja. Alisimama darajani peke yake. Ofisa wa Kijapani akaja na upanga, Babu akaja mikono mitupu, akarudi nao. Mvua ya alasiri ilipiga mabati hata hatukusikia nusu ya hadithi, na nusu hiyo tulijijazia wenyewe. Mvua ya Minnesota haipigi mabati. Inanyesha kimya, mtu hajui hata kama imeanza.

Babu alipofariki, wajomba walitaka kuukata wapate mapanga mawili ya shamba. Mama akauficha chini ya kitanda. Mwaka 2011 nilipokwenda likizo, akaniufungia ndani ya blanketi, katikati ya unga wa wimbi na omena. Tangu hapo uko kabatini, nyuma ya makoti ya baridi.

Basi. Karatasi anataka, karatasi atapata.


Jumatano, 8 Oktoba

Utafiti umeanza. Nimetazama video tisa. Sasa najua kwamba mpini wa upanga wa Kijapani huchomolewa kwa kugonga kijiti kidogo, na kwamba mkia wa chuma unaofichwa ndani ya mpini ndio unaobeba jina la mfuaji. Likiwa la fundi mkubwa wa kale, wenye makumbusho watanipigia magoti.

Nimegonga kijiti. Nimegonga kidole. Nimegonga kijiti tena. Mpini umetoka, na mkia upo! Mweusi, wenye kutu nzito, kama sufuria iliyosahauliwa uani msimu mzima. Chini ya kutu kuna alama. Ni herufi. Au ni mikwaruzo, lakini mikwaruzo ya heshima.

Mtaalamu pia ninaye. Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, huja Bwana Morita, mwenye umri wa miaka themanini na minane, kila siku saa tano, kumlisha mkewe supu. Baba yake aliletwa Minnesota wakati wa vita kuwafundisha askari wa Kimarekani lugha ya Kijapani, pale Fort Snelling, na familia ikabaki. Bwana Morita mwenyewe alikuwa daktari wa meno. Tangu astaafu anakusanya panga za kwao. Leo nilimweleza kuhusu Babu na daraja, kwa kirefu. Supu ikapoa. Amekubali kuuona upanga Jumamosi, nyumbani kwake Bloomington.

Alinisihi jambo moja tu, na nimeliona la ajabu: niulete kama ulivyo. Kama ulivyo! Anadhani mimi nimelelewa wapi?


Ijumaa, 10 Oktoba

Nimelelewa na mama yangu, Mama Jedidah. Kwa Mama Jedidah chombo hakiendi kwa watu kikiwa kichafu. Sufuria ilisuguliwa kwa majivu na mchanga, ndani na nje, hasa nje, hasa chini pale moto ulipolamba. Akija kukagua aliigeuza matako juu kwanza. Ukiona meno yako kwenye matako ya sufuria, umemaliza. Usipoyaona, unarudi mtoni, na jua linazama, na wenzako wanacheza.

Leo nilimkumbuka sana. Jiko letu ni la stima, majivu hakuna. Nikaomba kwa jirani mwenye shimo la moto uani. Akanipa ndoo nzima bila kuuliza. Watu wa huku hawakuulizi. Wanaingia ndani kumwuliza mke wao.

Majivu, siki, waya wa sufuria. Saa tatu nzima nikiimba nyimbo za shule ya Jumapili. Kutu imekwisha kabisa! Mkia unameremeta. Nimeyaona meno yangu, hata lile lenye kasoro. Zile alama zimefifia kidogo, lakini yaelekea nazo zilikuwa uchafu tu.

Susan amerudi kutoka kazini hospitalini akaona hali ya jikoni. Akasema: “Baba Fiona, hiyo sinki pia uta-scrub.” Nimeisugua.


Jumamosi, 11 Oktoba

Siku ya majonzi. Niiandike kwa utaratibu.

Susan alikuwa na gari, zamu ya wikendi. Nikaenda kwa treni. Kupanda treni na upanga si jambo ambalo mtu wa rangi yangu angependa kulieleza mara mbili, kwa hiyo niliutia katika mfuko mrefu wa fimbo za kuvulia samaki, nilioazima kwa jirani yuleyule. Green Line hadi mjini Minneapolis, salama. Nikabadilisha. Kwenye treni ya pili akaketi karibu nami mzee mmoja mwenye kofia, akatazama mfuko, uso ukamchangamka. Akaniuliza nafuata samaki gani.

Ningeweza kusema si wangu. Nikasema wakubwa. Akauliza ziwa gani. Nikamwambia siri. Akakubali kwa kichwa, akaniheshimu zaidi. Tulipofika Fort Snelling nilikuwa nimevua watatu urefu wa mkono wangu, kupitia tundu la barafu, mwezi wa Januari, peke yangu. Mzee akanipa mkono na chambo cha plastiki kutoka mfukoni mwake, zawadi. Niliona aibu hadi kituo kilichofuata.

Bwana Morita alinipokea kituo cha mwisho kwa gari lake. Nyumbani kwake alitandika kitambaa cheupe mezani, akauinamia upanga kama mtu anayesalimia, akachomoa mpini. Akasimama. Akaweka chini kila kitu. Akavua miwani.

Akauliza nani amesafisha. Nikasema mimi, tena kwa fahari.

“Ile kutu ilikuwa cheti chake cha kuzaliwa,” akasema.

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtu habari ya jino lisiloweza kuokolewa. Kutu ya mkiani ndiyo inayosema umri. Wanaojua huisoma rangi yake na kina chake. Kuna panga za miaka mia saba ambazo vizazi na vizazi vimezitunza bila mtu hata mmoja kugusa kutu hiyo. Vizazi vyote hivyo vilijizuia. Mimi nilihitaji saa tatu.

Alichukua kioo cha kukuzia, akatafuta. Karibu na ukingo kulikuwa na muhuri mdogo ulioponea waya wangu. Muhuri wa kiwanda cha wakati wa vita. Hakuna fundi mkubwa, hakuna ukale. Panga kama huu zilitoka kwa mashine maelfu kwa maelfu, masajini wakapewa. Ni Wajapani kweli walioutengeneza, hilo alinihakikishia, lakini hakuna ofisa aliyeuvaa. Ofisa wangu wa darajani akafa hapohapo, mezani Bloomington.

Kisha Bwana Morita akaushika mpini, na huo akaushika muda mrefu zaidi. Akasema huu si wa Japani. Mti si wa kwao, na ngozi ni ya ng'ombe, tena nywele tatu za kahawia bado zimo. Miaka yote mimi nilidhani hiyo ndiyo ngozi ya Kijapani! Nikausogeza karibu na dirisha. Nikaona mafundo. Ni fundo la Babu, lile alilofungia ndama wasimfikie mama yao kabla ya kukamua. Alinifundisha nikiwa na miaka saba, mkono wake juu ya mkono wangu, nami nililia kwa sababu ndama alinikanyaga.

Nilikaa chini. Nilimkumbuka Babu. Bwana Morita akaniletea chai ya kijani, bila maziwa, bila sukari, nikaivumilia. Akasema panga kama huu ameziona mamia, mpini kama huu hajauona hata mmoja, na aliyeutengeneza hakuwa na haraka. Akanishauri nimwulize aliyemjua zaidi Babu. Na nisisugue tena kitu chochote.


Jumapili, 12 Oktoba

Nimeshindwa? Hata kidogo. Kamau aliomba karatasi. Hakusema iandikwe na nani.

Nimepata karatasi nene ya rangi ya maziwa. Muhuri nimeuchonga kwa kiazi, kama tulivyofanya darasa la tatu, nikauchovya kwenye wino mwekundu. Herufi za Kijapani nimezinakili kwa mkono kutoka kwenye pakiti ya tambi, mistari minne, kwa uangalifu mkubwa. Kitu cha kupendeza! Ningekipata mimi ningeamini.

Fiona, binti yangu, amekuja kutoka chuoni kufua nguo. Hufua hapa kila Jumapili na kuliita hilo kututembelea. Akaiona karatasi mezani, akaielekezea simu yake, simu ikasoma. Akacheka hadi akaketi sakafuni. Cheti changu kinasema: weka mahali pakavu, mbali na jua, ongeza maji moto.

Alipomaliza kucheka akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, Babu alikuwa mtu gani hasa. Nikaanza na daraja. Akauliza daraja gani. Nikasema la mto. Akauliza mto gani. Nimeisimulia hadithi hii miaka arobaini na leo ndipo nimegundua kwamba mto hauna jina. Fiona akasema tumpigie nyanyake, na kwamba yeye mwenyewe anataka kusikia. Nimeshangaa. Huyu mtoto hajawahi kutaka kusikia chochote kilichotokea kabla ya simu.


Jumanne, 14 Oktoba

Fiona amerudi kwa ajili hiyo tu, bila nguo chafu, na tulimpigia Mama asubuhi, kwake jioni, amekwisha funga ng'ombe. Nikamweleza habari ya kiwanda, ya sajini na ya mpini. Nikamwomba anitajie mto wa lile daraja. Nikasikia akifunga mlango.

“Hakukuwa na daraja, Zadoki,” akasema. “Kulikuwa na sufuria.”

Babu alikuwa mpishi. Kamau alisema kweli! Naandika sentensi hii mara moja tu na sitairudia.

Ilikuwa huko Bama, katika bonde la mvua zisizokatika, Wajapani wanarudi nyuma na njaa inawaua kuliko risasi. Asubuhi moja kikosi kimetangulia, Babu yuko peke yake anakoroga uji. Akatokea Mjapani kutoka kwenye mianzi. Amekonda, miguu mitupu, upanga mkononi. Babu ana mwiko. Wakatazamana. Kisha Babu akagundua kwamba mtu yule hamtazami yeye, anatazama sufuria. Akamjazia kikombe cha bati. Mjapani akauweka upanga chini ili akishike kikombe kwa mikono miwili. Akanywa vikombe vitatu, akalala palepale karibu na moto. Askari waliporudi walimkuta adui amelala na mpishi anaosha kikombe. Wakamchukua mateka, mzima, upanga wakamwachia Babu.

Hadi vita vinaisha, wenzake walimwita Babu Shujaa wa Uji. Alifedheheka. Aliporudi Kisii akajenga daraja, akamweka ofisa juu yake. Mpini wa Kijapani ulikuwa umeoza kwa mvua za Bama, akachonga mwingine kwa mkaratusi, akauvika ngozi ya ndama wake wa kwanza.

Mama aliyajua haya kwa sababu ndiye aliyemuuguza. Miezi ya mwisho Babu hakuweza kula, akawa anamnywesha uji. Siku moja akakishika kikombe kwa mikono miwili, akakitazama, akalia, akamweleza. Alisema kila alipotukatia miwa alimfikiria mtu yule, na kwamba hakuwahi kumwuliza jina. Mama akaificha siri miaka thelathini. Alijua jinsi baba yake alivyolipenda lile daraja.

Fiona, anayejibu kila kitu kwa Kiingereza, akasogea karibu na simu akauliza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea: “Huyo mtu, alirudi kwao?” Mama akasema hajui, na Babu pia hakujua. Tulilia wote watatu, mabara mawili.


Alhamisi, 16 Oktoba

Mimi ni mtu mpya.

Cheti cha tambi nimekichana. Fiona ameandika kadi kwa mwandiko mzuri: upanga wa sajini wa Kijapani, wa kiwandani, mpini umechongwa na Ombasa, mpishi wa Keya. Susan ameisoma mara mbili na kunipakulia nyama bila kuombwa. Kweli ina faida zake.

Jioni nilikwenda kwa Kamau kumweleza mwenyewe, mwanamume kwa mwanamume, kwamba babu yangu alikuwa mpishi. Alinishika bega. “Usijali, bwana,” akasema. “Hata wapishi ni watu.” Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa dhati. Nimeendesha gari hadi nyumbani kwa mwendo wa kawaida na sikumwaza tena, isipokuwa njiani na wakati wa kula.


Jumamosi, 18 Oktoba

Leo! Ukumbi umejaa. Upanga wangu uliwekwa mwisho wa meza, kando ya trei ya mandazi. Nilikubali. Mtu mpya hagombani na mandazi. Mama alikuwa kwenye simu ya Fiona, imeegemezwa kwenye chupa ya maji, amevaa kitambaa chake cha kanisani.

Kamau alieleza fimbo kwa dakika ishirini na tano. Kisha zamu yangu. Nikasimama. Nikasema babu yangu, Mzee Ombasa, alikuwa mpishi. Sauti yangu ilikuwa imara. Nikaeleza mvua, njaa, sufuria ya uji. Watu wakatulia. Kina mama wawili wakatoa leso. Nikamwona Mjapani akitoka kwenye mianzi, hata mimi machozi yakaanza.

Halafu nikamwona Kamau. Alikuwa anatabasamu. Tabasamu la hata wapishi ni watu.

Sijui nini kilitokea. Naapa sijui. Nilisikia mdomo wangu ukisema kwamba nyuma ya Mjapani yule alitokea wa pili. Kisha wakawa saba. Saba wenye silaha, na Babu na mwiko wake, na sufuria inachemka. Nikasema aliwapangisha foleni, kikombe kimoja kila mtu, na kila aliyepokea akaweka silaha chini. Wa mwisho alikuwa jenerali. Jenerali akaomba kuongezewa. Nikauchukua mwiko wa jikoni kuonyesha alivyowapangisha, na watu wakasimama, wakapiga makofi, mzee mmoja akapiga kigelegele ambacho si kazi yake.

Ndipo nikaikumbuka simu. Nikageuka. Susan alikuwa ameinamisha kichwa. Fiona ananitazama kama mtu aliyeibiwa. Mama ameziba mdomo kwa mkono na mabega yanatikisika. Nimemuua, nikawaza. Nimechukua kitu alichokificha miaka thelathini nikakiharibu kwa dakika moja. Mtu akaongeza sauti ya simu.

“Huyo ndiye baba yangu,” Mama akasema. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka. “Hata daraja, hakuna siku alilisimulia na watu walewale. Wacheni amalize.”

Sikuweza kumaliza. Niliuweka mwiko mezani. Lakini nilikuwa nimeisikia: sauti ile iliyokuwa ikitoka kinywani mwangu si yangu, ni ya jikoni kwa Babu, na mvua juu ya mabati. Hata Kamau alikuja kunipa mkono, anapangusa macho. Akaniuliza kwa sauti ya chini, jenerali huyo alikuwa anaitwa nani.


Jumapili, 19 Oktoba

Nimeomba msamaha. Kwa Susan, kwa Fiona, kwa Mungu, kwa mpangilio huo. Nimeahidi kwamba kuanzia leo hadithi ni ile aliyoitoa Mama, neno kwa neno. Fiona ameirekodi yote kwenye simu ili nisipotee njia. Vizuri sana. Nimekomaa.

Mama amepiga mwenyewe, jambo asilolifanya, vocha ni yake. Amesema hajaisikia sauti ya baba yake tangu wamzike, na jana aliisikia. Akaniomba nimsimulie tena.

Nikaanza kama ilivyorekodiwa. Mvua, sufuria, mtu mmoja aliyekonda. Nilimsikia Mama akivuta kiti karibu na moto. Alikuwa anasubiri. Mtu hawezi kumpa mama yake Mjapani mmoja tu, peke yake, baada ya miaka thelathini. Sasa wako tisa, na jenerali amepanda farasi. Mama alicheka hadi akakohoa, akauliza farasi wa rangi gani. Nikamwambia mweupe.

Nimemwandikia Bwana Morita kumwuliza kama majenerali wa Kijapani huko Bama walipanda farasi weupe. Akikubali, nitamwomba aniandikie karatasi.